SOMO LA AFYA: Kipimo Kinaposema Una Mimba, na Mimba Hakuna

Saratani ya mlango wa kizazi inajulikana na wengi. Leo tunasoma kuhusu ndugu yake adimu, koriokasinoma, inayotokana na chembe za kondo la nyuma. Mimba ikishatoka, chembe hizo hubaki ndani ya mji wa mimba na kuanza kukua ovyo. Hatari ni kubwa zaidi baada ya mimba zabibu, lakini inaweza kufuata mimba iliyoharibika, mimba iliyotunga nje ya kizazi, hata uzazi wa kawaida.

Tuchukue mfano. Mama wa miaka 28 mimba yake iliharibika, akasafishwa. Miezi minne baadaye bado anatokwa na damu, kidogo leo, nyingi kesho. Anaambiwa ni sindano ya kupanga uzazi. Kisha anakohoa damu na kupungua mwili. Makohozi hayaonyeshi kifua kikuu, lakini picha ya kifua ina madoa ya mviringo, basi anaanzishiwa dawa za TB. Hatuwezi kuwalaumu sana waliomhudumia, maana TB tunayo tele na ugonjwa huu ni nadra. Kilichosahaulika ni kipimo cha mkojo cha mimba, kile kinachouzwa hata kwenye duka la dawa.

Chembe hizi hutoa hCG, homoni ileile ya mimba. Ni kweli kwamba homoni hiyo hukawia wiki kadhaa baada ya mimba kutoka. Lakini ikiwa bado ipo miezi minne baadaye, na altrasaundi haionyeshi mtoto, mama apelekwe haraka hospitali ya rufaa apimwe kiwango chake kwenye damu. Saratani hii hukimbilia mapafu, uke, ini na ubongo; ndiyo maana wengine huja na kikohozi, wengine na kifafa. Wahudumu wazingatie: uvimbe wa zambarau ukeni usikatwe kuchukua kipande, unaweza kuvuja damu isiyozuilika.

Matibabu yake yanatia moyo. Mwaka 1956, madaktari Min Chiu Li na Roy Hertz wa Marekani walitumia methotreksati kumponya mgonjwa ambaye saratani yake ilikuwa imesambaa, jambo lililoonekana haliwezekani. Leo daktari hujumlisha alama kwa kuangalia umri, muda tangu mimba, kiwango cha homoni na mahali saratani ilipofika. Alama 0 hadi 6 hutibiwa kwa dawa moja, na karibu wote hupona. Kuanzia 7 hutumika dawa kadhaa kwa pamoja, na hapo pia wengi hupona. Mara nyingi kizazi hakiondolewi, na mama anaweza kuzaa tena.

Tunapowapoteza wagonjwa ni kwenye ufuatiliaji. Damu ikikatika, nauli nayo inaonekana ni ghali. Aliyepata mimba zabibu apimwe hCG kila wiki mpaka irudi kawaida, kisha kila mwezi kwa muda atakaoelekezwa. Katika kipindi hicho atumie njia ya kupanga uzazi, maana mimba mpya itavuruga vipimo. Aliyepewa dawa za saratani husubiri mwaka mmoja kabla ya kushika mimba.

Mama, ukisafishwa, uliza kama nyama iliyotolewa imepelekwa maabara, na uihifadhi karatasi ya majibu pamoja na kitabu chako cha kliniki.