Sakafu ya Mbao Inayonesa
Swali: Sakafu ya mbao ya nyumba ya zamani mjini Tunduma hunesa ukikanyaga katikati. Eleza sababu na marekebisho yake.

Jibu: Boriti zimevuka nafasi ndefu bila kitu cha kuzibeba katikati. Kwa uzito uleule, kupinda hufuata kipeo cha tatu cha urefu: boriti ya mita 4 hupinda mara 8 ya ile ya mita 2. (Ndiyo maana vyumba vya kale vya Zanzibar, vilivyoezekwa kwa boriti za mikoko, ni vyembamba.) Simamisha nguzo katikati, juu ya msingi wa zege, udongo mtupu hutitia mvua ikinyesha. Lakini kagua mchwa kwanza. Boriti iliyoliwa haiokolewi na nguzo, itabadilishwa. Ukijibu “ongeza misumari” hupati alama: misumari haipunguzi urefu.