SOMO LA WIKI: Faida ya mafuta ya kunukia iko kwenye siku ya kuvuna

Katika karne ya 19 misafara kati ya Ujiji na Bagamoyo ilipita Tabora. Kila mzigo ulibebwa na mpagazi, hivyo mali iliyolipa ilikuwa ile yenye uzito mdogo na thamani kubwa, hasa pembe za ndovu. Reli ilifika mjini mwaka 1912, lakini hesabu ni ileile: bandari ya Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 800. Kwa mwekezaji mdogo, mafuta ya kunukia yanastahili kufikiriwa, kwani majani hubaki shambani na kilo chache tu husafirishwa.

Tatizo ni kwamba wengi huuliza bei ya mtambo na kusahau tarehe ya kuvuna. Tani moja ya mchaichai mbichi hutoa takriban kilo 2 hadi 4 za mafuta. Kuni, maji na vibarua havipungui kwa sababu mafuta yamepungua. Anayevuna majani yaliyozeeka hulipa gharama kamili kwa nusu ya mali.

Kanuni ni hizi:

- Mkato wa kwanza ni miezi 4 hadi 6 baada ya kupanda. Inayofuata ni kila miezi 2 au 3, udongo ukiwa na unyevu. Kwa kuwa kiangazi cha Tabora huanza Mei hadi Oktoba, asiye na umwagiliaji apunguze matarajio.
- Kata siku kavu, umande ukishakauka, sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi.
- Majani yanyauke kidogo kivulini, yakirundikwa huchacha.

Pemba nako karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka. Makonyo hutengwa na kupelekwa Kiwanda cha Wawi kutoa mafuta.

Mfanyabiashara anayenunua majani kwa kilo ajihadhari: bei ya uzito humfundisha mkulima kusubiri majani yazidi kukua. Ni salama zaidi kulipa kwa mafuta yaliyopatikana.

Mkulima wa tumbaku wa Urambo hataona ugeni. Huchuma majani ya chini kwanza, kadiri yanavyoiva. Anajua pia jinsi mabani yanavyokula miti ya miombo. Mtambo wa mafuta nao hula kuni. Anayetaka kuununua aanze kwa kupanda miti yake.