Ndaki, Chuo au Koleji? Mfano wa Darwin, Cambridge

Neno ndaki, ambalo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutaja kitengo kinachokusanya idara za taaluma zinazokaribiana, halifai kutafsiria asasi kama Darwin ya Cambridge. Darwin haina taaluma yake maalumu. Mtafiti wa fizikia na wa historia hula meza moja humo, ilhali utafiti wao husimamiwa na idara za Chuo Kikuu.

Asasi hiyo ya wanafunzi wa shahada za juu pekee ilianzishwa mwaka 1964 na asasi tatu kongwe: Gonville and Caius, St John's na Trinity. Watafiti walikuwa wakiongezeka, na baadhi ya wahadhiri hawakuwa na pa kujiegemeza. Makao yalipatikana Newnham Grange, kando ya mto Cam, baada ya kufariki Sir Charles Galton Darwin mwaka 1962. Jina, basi, ni la familia iliyoishi humo.

Jambo zito zaidi ni jinsia. Darwin ilipokea wanawake na wanaume tangu mwanzo, hali waasisi wake watatu walikuwa bado wa wanaume watupu. Asasi za wanaume zilianza kupokea wanawake wa shahada ya kwanza mwaka 1972. Magdalene, ya mwisho, mwaka 1988. Mfasiri aandikapo "ndaki" huelekeza fikra kwenye mgawanyo wa taaluma, na swali la nani aliruhusiwa kuketi mezani hupotea. "Chuo" nalo hugongana na Chuo Kikuu chenyewe. "Koleji", japo huonekana la kigeni, halina kasoro hizo mbili.