Kina mama walikumbuka, wataalamu wakabisha



Je, umewahi kupigwa picha ya eksirei? Labda ulivunjika mkono mpirani, au daktari alitaka kuona kifua chako. Kama wewe ni msichana uliyeshavunja ungo, huenda mpigapicha alikuuliza kwanza, "Una mimba?" Wengine hukasirika. "Ananionaje huyu?" Tulia, dada. Hakuulizi kwa umbea. Swali hilo lina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilipiganiwa kwenye kurasa za majarida ya madaktari.

Tuanzie nyuma kidogo. Tarehe 8 Novemba 1895, mjini Würzburg, Ujerumani, profesa wa fizikia Wilhelm Conrad Röntgen aligundua mionzi isiyoonekana, inayopenya nyama kwa urahisi kuliko mfupa. Tarehe 22 Desemba akapiga picha ya mkono wa mkewe: mifupa yote ikaonekana, na pete kidoleni. Unadhani alikimbilia kuuza siri yake? Hata kidogo. Aliandika makala fupi, na tarehe 28 Desemba akaikabidhi kwa chama cha wanasayansi na madaktari wa mji huo ili ichapishwe. Kabla Januari 1896 haijaisha, makala ilikuwa imeshatafsiriwa kwa Kiingereza. Kila mwenye vifaa aliweza kusoma na kujaribu mwenyewe. Mwaka huohuo wa 1896 likaanzishwa London jarida la picha za eksirei tu. Liweke akilini, tutalirudia.

Kujaribu nako kulikuwa na balaa lake. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison kule Marekani, alizoea kuweka mikono yake kwenye mionzi. Akapata vidonda, kisha saratani, mikono ikakatwa, na mwaka 1904 akafariki. Basi watu wakajua kwamba mionzi mingi inaua. Lakini mionzi kidogo, ya picha moja mbili? Wengi waliona haina neno. Miaka ya 1950 huko Uingereza wajawazito walipigwa picha za tumbo kuangalia mtoto amelalaje, ni mapacha au la, nyonga za mama zinatosha au hazitoshi.

Hapo ndipo anapoingia Dakta Alice Stewart wa Oxford. Alitaka kujua kwa nini watoto wadogo wanakufa kwa saratani ya damu. Alipata fedha kidogo mno, pauni 1,000 tu. Akafanya jambo rahisi: akatunga maswali, akawaomba maofisa wa afya wa wilaya wawaendee kina mama na kuwauliza. Waliulizwa mama waliofiwa na watoto kwa saratani, na pia mama ambao watoto wao, wa umri uleule, walikuwa wazima. Bila kundi hili la pili usingeweza kusema chochote. Majibu yaliporudi, mama waliofiwa walitaja kupigwa picha ya tumbo wakati wa ujauzito karibu mara mbili ya wale wengine. Alitoa taarifa ya awali mwaka 1956 katika The Lancet, na makala kamili mwaka 1958 katika British Medical Journal.

Wakabisha! Na tafadhali usiwaone wabaya, maana hoja yao ilikuwa na nguvu. Chukua mfano wa bwenini. Umeharisha usiku kucha. Asubuhi nikikuuliza jana ulikula nini, utataja mpaka lile embe ulilomega kwa rafiki yako. Mwenzako aliyelala fofofo atasema, "Ah, ugali tu." Je, embe ndilo lililokudhuru, au wewe tu umekumbuka zaidi kwa sababu uliumwa? Wakosoaji walisema ndivyo ilivyo kwa mama aliyefiwa: amepekua kila siku ya ujauzito wake akitafuta sababu.

Mwaka 1960 Court Brown, Doll na Hill walichapisha utafiti wa watoto 39,166 ambao mama zao walipigwa picha wakiwa wajawazito. Waliokufa kwa saratani ya damu walikuwa 9, wakati waliotarajiwa kwa kawaida ni kama 10 hivi. Eti hakuna tatizo! Lakini angalia vizuri: vifo 9 ni vichache mno kuamua kesi nzito kama hii.

Halafu mwaka 1962 Brian MacMahon wa Marekani akaleta ushahidi wa aina nyingine. Hakuuliza mama yeyote. Alichukua kumbukumbu za hospitali 37 za wazazi, zenye watoto zaidi ya 734,000, zilizoandikwa kabla ya mtoto yeyote kuugua. Karatasi haina uchungu wa kufiwa. Akakuta vifo vya saratani vimezidi kwa kiasi cha asilimia 40 kwa watoto waliopigwa mionzi tumboni. Ni pungufu ya alichopata Alice, lakini ziada ipo.

Ubishi uliendelea miaka mingi. Mwaka 1997 Richard Doll, yuleyule wa utafiti wa 1960, pamoja na Richard Wakeford, walipitia ushahidi wote wakakubali kwamba mionzi ile kweli husababisha saratani utotoni. Waliandika wapi? Katika British Journal of Radiology, jarida lililotokana na lile la 1896. Alice alikuwa bado hai, bibi wa miaka 90. Mimi huwa namheshimu Doll kwa hili kuliko kwa mengi mengine aliyofanya. Si wasomi wengi wanaokubali kubadili msimamo hadharani.

Hospitalini mambo yalikwenda polepole zaidi. Daktari aliyefundishwa kupiga picha wajawazito aliendelea kupiga, miaka na miaka baada ya 1958. Na Juni mwaka huohuo wa 1958, Ian Donald wa Glasgow na wenzake walikuwa wamechapisha makala juu ya ultrasaundi, inayotumia sauti badala ya mionzi. Daktari aliyefunga vitabu siku ya mahafali alikosa habari zote mbili, na mgonjwa wake akalipa.

Usitoke hapa ukiogopa eksirei. Saratani ya utotoni ni nadra, na mashine za sasa hutumia mionzi kidogo sana kuliko za wakati ule. Picha ya kifua humfikishia mtoto aliye tumboni mionzi kidogo mno, hivyo ukishukiwa kifua kikuu usikatae kupigwa. Ila ukiulizwa juu ya mimba, sema kweli, hata kama huna uhakika. Ukiona haya mbele ya mama au mwalimu uliyekuja naye, omba kuzungumza na mtaalamu peke yenu.

Zoezi la klabu yenu: chagueni jambo moja linalosemwa sana shuleni, mfano kwamba chai ya kantini inaleta kiungulia. Ulizeni walioumwa na wasioumwa. Halafu mpeni mwenzenu mbishi kuliko wote kazi ya kutafuta makosa kabla hamjabandika matokeo ubaoni.