Shamba la Kwanza la Ruthu: Somo kwa Wahitimu na Wazazi Wao



Kabla ya kuendelea, fungueni Ruthu mlango wa 2 mkausome wote. Ni aya 23 tu.

Kitabu hiki twakisoma sana arusini, kwa sababu ya ndoa iliyo mwishoni mwake. Lakini mlango wa 2 ni habari ya mtu atafutaye kazi. Ruthu ni mjane, tena Mmoabi, mgeni Bethlehemu. Nyumbani hakuna chakula, na mavuno ya shayiri yameanza. Kuokota masazo nyuma ya wavunaji ilikuwa riziki ya maskini na wageni, nayo Torati ilimwagiza mwenye shamba awaachie (Walawi 19:9-10). Basi haikuwa kazi ya sifa. Ruthu anamwomba mkwewe ruhusa, naye Naomi anamruhusu kwa maneno machache mno (aya ya 2).

Hapo tukae kidogo. Naomi alikuwa mke wa Elimeleki, na tajiri Boazi alikuwa jamaa ya mumewe. Angeweza kusema kwamba mkwe wa nyumba ile hawezi kuonekana ameinama nyuma ya vibarua, angoje kwanza jamaa wapelekewe habari. Hakusema hivyo.

Mimi nilisema. Mwaka 2016 mwanangu wa mwisho alimaliza chuo kikuu na shahada ya uhasibu. Mwezi wa tatu akapata kazi ya kutunza stoo katika shamba moja la mkonge. Nikamwambia hatukukusomesha miaka kumi na sita ili uje kuhesabu majembe na magunia. Akanitii, akakaa nyumbani miezi kumi na tisa. Mwanzoni alitembea na bahasha ya vyeti vyake, baadaye akaiweka juu ya kabati. Akaanza kuhudhuria ibada ya alfajiri peke yake, asikutane na watu wa kumwuliza, "Bado tu?" Kijana aliyeichukua kazi ile alikuwa na cheti tu. Leo yeye ndiye mhasibu wa shamba lile, maana aliyejua kilichomo stoo alijua pia fedha zinavujia wapi.

Wazee wa rika langu kosa hili tulilizoea kwa sababu sisi wenyewe hatukuchagua kazi. Nilipomaliza mafunzo ya ualimu mwaka 1981, kituo changu kilikuja katika barua ya Wizara. Tukaamini kwamba cheti na kazi huja pamoja kama kinu na mchi. Na hata wakati ule Azimio la Musoma la 1974 lilikuwa limeagiza waliomaliza kidato cha sita, baada ya Jeshi la Kujenga Taifa, wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Tulinung'unika, lakini walioingia wakitoka kazini walijua wanasomea nini.

Sasa msiondoke mkisema Mwalimu anafundisha kwamba kazi yo yote ichukuliwe kwa macho yaliyofumbwa. Someni aya ya 7 hadi ya 9 na ya 14. Ruthu alimwomba kwanza msimamizi wa wavunaji, mnyapara tungesema sisi wa mkonge. Kisha akaelezwa kila jambo: akae na wasichana wa Boazi, anywe maji ya vyombo vya watumishi, vijana wa kiume wamekatazwa kumgusa, na saa ya chakula atakula pamoja nao. Hayo ni masharti ya kazi, nayo aliyapewa siku ya kwanza.

Kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi anapoanza: ni kazi gani, mahali gani, saa ngapi, ujira gani. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na likizo ya mwaka ni siku 28. Katika shirika la binafsi uliza namba yako ya NSSF. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, wala mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya nusu yake. Mwajiri akikasirika kwa kuulizwa, umekwisha kujifunza jambo juu yake. Na amtakaye binti mwili wake ili ampe kazi atenda kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. TAKUKURU wapo kwa hilo. Kina mama, msiwaambie mabinti wavumilie. Naomi mwenyewe alimwonya Ruthu asionekane katika shamba jingine, wasije wakamdhuru (aya ya 22).

Aya ya 17 wahubiri huiruka kwa kuwa ni ya hesabu, mimi naipenda. Jioni Ruthu aliyapura aliyookota, akapata efa moja, kama debe moja hivi la kwetu. Alijua siku ile imempa nini. Kijana naye ahesabu hivyo: mshahara wa Dar es Salaam ukiondoa chumba, nauli na chakula, huenda ukabaki mdogo kuliko wa Korogwe akilala kwa shangazi yake. Ahesabu pia ufundi atakaoupata. Kisha asikimbie mwezi wa pili. Ruthu alikaa mpaka mavuno ya shayiri na ya ngano yakaisha.

Mwaka 2018 mwanangu alipata ukarani katika ghala la mazao. Safari hii hakuniomba ushauri. Alinipasha habari alipokwisha kufanya kazi wiki nzima. Nami nikamwuliza swali la Naomi tu: ni shamba la nani, na amekupa karatasi gani?

Kwa mazungumzo ya jumuiya na ya Umoja wa Mama:
1. Katika mtaa wetu, ni kazi zipi tunazowakataza watoto wetu kwa kuogopa maneno ya watu?
2. Ni nani katika parokia awezaye kumsomea kijana mkataba kabla hajatia sahihi?