Titanic: tuache uzushi, tuchukue somo

Zaidi ya miaka mia moja imepita tangu izame meli ya Titanic, lakini habari yake haizami. Mwaka 1985 mabaki yake yaligunduliwa chini ya bahari ya Atlantiki, kina cha mita 3,800 hivi. Mwaka 1997 ikatoka filamu, na vijana wetu wakaijazia mabanda ya video. Juni 2023 watu watano walikufa ndani ya nyambizi ndogo wakienda kuyatazama mabaki hayo.

Nasi Waislamu tunayo Titanic yetu ya mimbarini. Kwa miaka kadhaa nimeisimulia darasani hivi: mhandisi wake alitamba kuwa hata Mungu hawezi kuizamisha, na Mwenyezi Mungu akamuonesha. Siku moja mwanafunzi akaniuliza: “Ustadhi, nani kapokea maneno hayo?” Wiki iliyotangulia nilikuwa nimewafundisha isnadi. Nilinyamaza.

Nilipofuatilia, nilikuta kuwa jarida la wajenzi wa meli la mwaka 1911 liliandika tu kwamba ilikuwa karibu haiwezi kuzama. Maneno ya kumtaja Mungu yalisimuliwa na abiria aliyenusurika, kwamba aliyasikia kwa mfanyakazi mmoja wa melini. Sisi tukayahamishia kwa mhandisi! Mhandisi Thomas Andrews alikuwamo melini, akawahimiza abiria wavae maboya na waingie mashuani, kisha akafa yeye. Kumzulia maiti si dini yetu, awe Muislamu au asiwe. Surat Hujurat, aya ya 6, inatutaka tuhakiki habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga.

Je, Titanic imebaki bila ya somo? Hapana. Siku ya Aprili 14, 1912, meli hiyo ilipokea kwa simu ya upepo tahadhari kadhaa za barafu, lakini haikupunguza mwendo. Saa 5:40 usiku ikagonga jabali la barafu. Saa 8:20 ikawa imezama. Ilibeba watu wapatao 2,200, na mashua zake 20 za kuokolea zilikuwa na nafasi 1,178 tu. La kushangaza, sheria haikuvunjwa. Kanuni za Uingereza zilihesabu mashua kwa ukubwa wa meli, si kwa roho zilizomo, na zilitaka mashua 16. Wakafa watu 1,500 hivi. Daraja la kwanza walipona zaidi ya nusu, na daraja la tatu, la maskini, takriban robo. Ndipo mwaka 1914 mataifa yakaandika mkataba wa usalama baharini ili kila aliyemo apate nafasi mashuani.

Basi kibri kilikuwepo, ila hakikuwa katika ulimi. Kilikuwa katika hesabu. Bwana Mtume (SAW), kama alivyopokea Tirmidhi, alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha ategemee.

Na sisi je? Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, imejaza kupita kiasi. Septemba 20, 2018, MV Nyerere, yenye uwezo wa watu 101, ilipinduka karibu na Ukara, wakafa zaidi ya 220. Tukasema ni kazi ya Mungu. Ni kweli, kadari ni ya Allah. Lakini aliyekata tiketi kupita uwezo wa chombo ni mja, naye ataulizwa. Maskini anayepanda kwa kukosa chombo kingine anahitaji zaidi ya dua yetu baada ya msiba. Anahitaji tumsemee kabla: tuulize maboya yako wapi na idadi ya abiria ni ngapi, na maimamu waliseme hilo Ijumaa.

Mwanafunzi yule nilimshukuru mbele ya wenzake. Kisha nikawaambia wakifute kile kisa madaftarini, na mahali pake waandike namba mbili: 2,200 na 1,178.

Wabillahi tawfiq.