Taa Inayopepesa

Barabara ya kupanda Rubaya kutoka Sake ina mawe na mashimo. Motokari hutikisika, nyuzi za taa hulegea. Usiku taa ikipepesa, dereva haoni korongo.

Kwanza tazama: inapepesa taa moja, au zote mbili? Kisha zima taa na mashine.

Ikiwa moja, kosa li karibu nayo. Kaza balbu, sugua kutu pale uzi wake unaposhika chuma cha gari.

Zikiwa zote mbili, angalia batri. Fungua kwanza uzi wenye alama ya kutoa, uufunge mwisho. Hivyo ufunguo ukigusa chuma cha gari, hautoi cheche. Sugua vichwa, ukaze.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Swali: Kwa nini uzi wa kutoa hufunguliwa kwanza?